Alama ya Mkaa Ukutani

Kila siku saa kumi jioni, wenzake walipobaki uwanjani kulenga shabaha kwa upinde, Kemigisha alirudi nyumbani peke yake. Shule yao ya Rugera ilikuwa jirani na kibanja chao, hivyo hata akiwa jikoni aliwasikia wakishangilia mshale ulipozama kwenye kigogo cha mgomba.

Mwezi uliopita alipanda mti wa kahawa kuchuma, tawi likakatika, bega likateguka. Daktari alimwagiza asimame ukutani kila siku, apandishe vidole polepole mpaka bega likatae, kisha aweke alama ya mkaa.

"Alama ikipita kichwa chako, ndipo ushike upinde," alisema.

Alama zilipanda kwa uvivu mtupu, na mashindano ya kulenga shabaha katika mji wa Omurushaka yalibakiza wiki moja. Rafiki yake Uwiduhaye, aliyezoea kumpitia asubuhi, sasa aliwahi mazoezi ya alfajiri yaliyoongezwa. Upweke ulimuuma Kemigisha kuliko bega. Jioni moja akainua visigino, vidole vikafika juu, akachora. Bega halikupanda hata kidogo. Miguu ndiyo iliyopanda!

"Shikamoo, mwalimu," alisema kesho yake. "Nimepona. Hata mama ameiona alama."

"Marahaba. Una hakika?" aliuliza Mwalimu Elipidius.

"Ndiyo, mwalimu."

Akapewa upinde. Alipouvuta, bega lilimchoma, mshale ukaanguka miguuni pake, naye akaangua kilio. Mkono ukafungwa kwa kitambaa kilichoning'inia shingoni. Jumamosi wenzake walipanda gari kwenda mashindanoni, wakiimba. Yeye alibaki jikoni akichambua maharage kwa mkono mmoja, machozi yakimtoka.

Mama alipomuuliza, alieleza yote. Mama akaifuta ile alama kwa kitambaa kibichi.

"Tuanze upya, mwanangu," alisema. "Visigino chini."

Ilichukua miezi miwili. Siku aliyorudi uwanjani, mshale wa kwanza ulipotelea majanini. Wa pili ulizama kwenye mgomba, na Uwiduhaye akashangilia kuliko wote. Kemigisha akamwendea mwalimu, akamwomba radhi kwa uongo wake.

"Nimekusamehe," mwalimu alisema. "Lakini siku ile ungesema bado unaumwa, ungekwenda nasi Omurushaka. Nilihitaji mtu mkweli wa kuandika pointi za wenzako, na nilishaliandika jina lako. Bega halikukuacha nyumbani, Kemigisha. Uongo ndio uliokuacha."