Kinyozi Aliyemwigiza Mwanawe

Nisikilizeni, wazazi wenzangu, hasa nyinyi mnaopenda kuchekesha watu. Nawasimulia habari za shemeji yangu, kinyozi, mume wa dada yangu, na sitamfichia aibu.

Saluni yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Asubuhi ilikuwa raha kukaa pale: mashine inanguruma taratibu, poda inanukia, wateja wanabishana mpira, na binti yao mdogo anafagia nywele sakafuni. Tulimwita Kengele kwa jinsi alivyokuwa na sauti. Hata shule alikuwa hajaanza.

Basi mtoto huyo akianguka akalia, shemeji alikuwa anazima mashine, anageukia kioo kikubwa cha ukutani, anapinda mdomo na kumwigiza. Mabega yanaruka, kamasi anazivuta, "Ii-ii, naumia." Wateja hoi. Mtoto akiinua macho anaona kwenye kioo kila uso unamcheka, wa baba yake ukiwa mbele. Dada alimsihi mumewe aache. Akajibiwa kwamba mtoto anakomazwa, dunia haitambembeleza.

Kweli Kengele akaacha kulia. Shemeji akatamba kwa kila mteja kwamba amemtibu.

Siku moja dada alitoka jikoni akamkuta mwanawe amechuchumaa kando ya kiti cha kunyolea, ameng'ata kola ya gauni, jasho linamtiririka. Kidole chake kilikuwa kimebanwa chini ya kiti tangu baba yake alipokishusha ili amnyoe mteja mrefu. Muda wote huo baba alikuwa anapiga soga juu ya kichwa chake. Zahanati walishindwa kuiokoa ncha ya kidole, wakaikata.

"Kwa nini hukuita, mama?" dada akamuuliza akimpakata.

"Wateja walikuwepo," mtoto akasema.

Mimi nilitaka kumnyoa mtu yule masikio. Dada aliliweka moyoni.

Kidole hakijapona, shemeji akaota jipu kwapani. Dada ndiye aliyelikamua, chumbani, mlango umefungwa. Bwana yule alilia kweli kweli, akamwita mama yake aliyekwisha kufa. Mkewe akawa anakamua huku anasikiliza kila mlio kwa makini.

Saluni ilipojaa wateja, dada aliingia, akaichukua mashine mkononi mwa mumewe, akaizima, akageukia kioo. Mabega yakaruka. Kamasi zikavutwa. "Polepole, mama yangu wee, nakufa." Watu walicheka mpaka mmoja akateleza kwenye benchi. Nilikuwa mlangoni, nikacheka kuliko wote, na sijutii. Shemeji alisawijika, midomo ikamtetemeka, machozi yakamtoka mbele ya wateja wake mwenyewe.

Kengele akapanda juu ya kiti cha kunyolea, akamziba baba yake mdomo kwa mkono wenye bandeji.

"Usilie, baba," akamwambia. "Ukinyamaza wanaacha kucheka."

Kicheko kikakatika. Dada aliiweka mashine mezani na kumbeba mwanawe, sasa mama ndiye analia. Mtoto hakuwa ameona kisasi pale. Aliona mtu mwingine anayechekwa, basi.

Leo Kengele yuko shule, na shemeji haigizi mtu tena. Binti akijikwaa, baba hukimbia, hupiga magoti, humwambia alie tu, aseme panapouma. Mtoto hujipangusa vumbi na kujibu kwamba hapaumi. Baba anamsubiri mpaka leo. Na asubiri, huruma yangu kwake nimeimaliza.

FUNZO

Mtoto anapolia anakupa habari zake. Ukimcheka hakomai, anajifunza kujificha, na siku ya hatari hatakuita. Chuchumaa umtazame, umuulize, umwamini. Nawe unayetaka kumlipizia kisasi, lipiza utakavyo, lakini kwanza mtoe mtoto chumbani. Na mliokwisha kuwaziba watoto wenu midomo, msije kutulalamikia kwamba hawawaambii kitu.