Friwili Isiyolia

Pedali zilianza kuzunguka bure katikati ya njia panda, taa ikiwa ya kijani na magari yakipiga honi nyuma. Mwenye baiskeli, binti aliyevaa gauni la rangi ya haradali na raba nyeupe, alizidi kukanyaga. Miguu ilikwenda mbio, baiskeli ikabaki palepale. Fundi baiskeli alikuwa akivuka na tairi begani. Hakuwa mtu wa kuingilia mambo ya watu, lakini hili lilikuwa jambo lake.

"Shuka, dada. Unakanyaga hewa."

"Naona."

"Ungeona ungeshashuka."

"Kaka, kazi yangu ni kupima watu macho. Kuona naona vizuri sana."

Wakaisukuma hadi karakana yake. Huko alimweleza: ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu la nyuma, mna kipande kinachobeba gia, friwili. Ukikanyaga, vijino vyake hushika. Ukiacha, huachia, ndiyo maana baiskeli ikiserereka hulia tiki-tiki-tiki. Vijino vya hii vilikuwa vimelika. Alivisafisha, akatia mafuta mepesi.

"Itakusogeza," alisema, "ila siku yoyote itakususa."

Haikususa upesi. Mpima macho alikaa na shangazi yake, kwenye jengo la mwisho, chini ya mteremko wa mtaa uleule. Kila jioni alipokata kona aliacha kukanyaga, friwili ikalia mtaa mzima, na fundi alijua ni nani kabla ya kuinua kichwa. Aliweka spana chini, akafuta mikono. Mwanzoni binti alisimama eti breki ziangaliwe. Breki zilikuwa nzima. Baadaye hakutafuta tena kisingizio.

"Umefika, Macho?" fundi alimuuliza kwenye simu, dakika chache tu baada ya kuagana.

"Ndiyo kwanza nimevua viatu. Umeshanikumbuka?"

"Nauliza baiskeli."

"Baiskeli haijambo. Inakusalimia."

Fundi alikuwa ameshapenda. Alijua, na hakumwambia mtu, hasa yule aliyepaswa kuambiwa.

Kisha friwili ikasusa kabisa. Binti alikuja akiisukuma, jasho usoni, kitambaa cha kichwa kimelegea.

"Nakubadilishia," fundi alisema. "Zipo za namna nyingi. Unataka ipi?"

"Isiyolia." Alishusha sauti kama anayeomba siri. "Isilie hata kidogo. Nikipita mtaa huu, mtu asisikie."

"Mtu gani?"

"Mtu yeyote, bwana!" Simu yake ikaita, alikuwa shangazi. Binti akacheka, akapokea, akaondoka akipunga mkono.

Fundi alibaki na gurudumu. Katika mtaa ule ni nani mwingine aliyekuwa akisikiliza baiskeli ile? Alijijibu mwenyewe, na jibu likauma. Hakuna namna nyingine ya kulisema. Angeweza kumpigia akauliza, lakini alikuwa na kiburi kile cha watu wapole, ambacho hakionekani ila hakipindiki.

Akatoa gia, akachomoa ekseli, akafungua boliti nene ya ndani, friwili ikabaki kiganjani. Kipande hicho hakinunuliwi kwa kukisia: nyuma ikikataa habu, au mifereji ikikataa gia, umebeba chuma tupu. Akaifunga kwenye kitambaa, akaenda nayo duka la vipuri kulinganisha. Zilizokubali zilikuwa mbili. Moja ilikuwa na vijino vikubwa, ikilia kama ile ya zamani. Nyingine ilikuwa na vijino vidogo vidogo vilivyozama kwenye grisi nzito. Ukiizungusha, kama hujaizungusha. Alizishika zote mpaka muuzaji akamuuliza kama anaumwa. Akachukua ya kimya, akaifunga kwa uangalifu kuliko kazi yoyote aliyowahi kufanya.

Binti alikuja kuichukua.

"Imekwisha, dada. Karibu tena."

"Dada?" Alimtazama. "Leo hakuna Macho?"

"Umetaka isilie, hailii."

"Haya, kaka. Ahsante." Aliondoka bila kugeuka.

Baada ya hapo mtaa ukanyamaza. Binti alipiga simu, fundi hakupokea. Fundi alipopiga, binti naye hakupokea. Kila baiskeli iliyolia kwenye kona ilimwinua fundi kichwa, na kila mara alikuwa mtu mwingine. Alipungua. Hata kofia ikawa inamcheza kichwani.

Aliyekuja hatimaye alikuwa mama mmoja wa makamo, kanga mabegani, akipumua kwa kupanda mteremko.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mimi ndiye shangazi. Ile baiskeli umeifanya nini?"

"Nimefanya alivyoniambia."

"Irudishie mlio wake. Zamani nikiisikia kwenye kona, najua amerudi salama. Ikinyamaza, najua yuko kwako. Ikilia tena, natenga chakula. Siku hizi nasikia ufunguo mlangoni tu, roho inaruka."

"Alisema mtu asisikie."

"Mtu mwenyewe ni mimi! Nilikuwa namtania: leo imenyamaza kwa fundi mpaka chakula kimepoa! Akaona haya. Akasema atatafuta isiyolia, asimame kwako apendavyo."

Fundi alikaa juu ya tairi.

"Mimi nilidhani anataka kunipita mimi."

Shangazi alimwangalia kwa huruma kidogo na dharau nyingi. "Mmelingana. Na yeye kule analia na mto."

Fundi alipiga simu papo hapo.

"Naongea na nani?" sauti ya binti ilikuwa baridi.

"Na mjinga mmoja."

"Wako wengi."

"Yule wa friwili."

"Uliniita dada."

"Nisamehe, Macho. Njoo na baiskeli."

Jioni alikuja, na gauni lile la haradali. Fundi alikuwa amerudi dukani kuchukua ile ya vijino vikubwa. Aliifunga mbele yake, akaitia mafuta mepesi, akainua gurudumu, akalizungusha. Tiki-tiki-tiki ikajaa karakana. Binti akaenda hadi kwenye kona, akashuka akiserereka, akasimama mlangoni. Mlio ukakatika.

"Nataka nikuoe," fundi alisema.

"Na grisi yote hiyo mikononi?"

"Nikisubiri itoke nitazeeka."

Binti alicheka huku machozi yakimtoka. Kabla hajajibu, simu yake ikaita. Akasikiliza, akampa fundi. "Anakutaka wewe."

"Fundi," alisema shangazi, "nimeisikia. Imenyamaza hapo muda sasa."

"Ndiyo, shangazi."

"Basi asije peke yake. Nimeshatenga."

Fundi akarudisha simu. "Hujanijibu."

"Kaniulize mbele yake," binti alisema. "Nataka asikie nikikubali."

Fundi akafunga karakana. Baiskeli ikisukumwa nayo hulia, ila polepole. Wakashuka nayo kwa miguu, tiki, tiki, na kule chini shangazi alikuwa ameshafungua dirisha.