Pumzi ya Tatu

Chumba cha kurekodia kilikuwa na mtu mmoja tu, lakini kwenye spika za masikioni zilisikika pumzi za wawili. Na ya tatu, ya mhariri wa sauti mwenyewe nje ya kioo, ilianza kwenda mbio.

Wenzake walimwita mhariri huyo Masikio. Aliyekuwa ndani ni dada yake, akimtolea sauti jini wa filamu. Filamu ya kwanza, ya jini aliyevamia nyumba ya ibada, iliwatoa watu jasho. Hii ya pili, ya kueleza jini huyo alikotokea, ilikuwa baridi kama uji uliolala. Ndipo mwongozaji akaleta maneno halisi ya kuitia majini, dada ayasome.

"Dada, uko na nani humo?"

"Na nani tena? Acha utani, mdogo wangu, nimalize."

Akamaliza. Ikaingia harufu ya nywele zinazoungua. Dada alipofungua kinywa kuomba maji, ikatoka sauti nzito ya kiume: "Hapa pananifaa." Alijiziba mdomo kwa mikono miwili, machozi yakimtoka, na sauti ile ikaendelea kusema kupitia vidole.

"Endelea kurekodi!" mwongozaji alinong'ona. "Hiyo ndiyo filamu!"

Masikio alimpigia shangazi yao, msomaji wa dua. Alifika, akamshika mgonjwa kichwani.

"Mmemwita, mkampa na makao. Ile sauti mliyorekodi ifuteni, la sivyo nikimtoa huku atahamia kule, kisha atarudi."

Shangazi akaanza kusoma, na taa zikafifia, na harufu ikazidi hadi macho yakawasha, na Masikio alipopeleka kidole kwenye kitufe cha kufuta huku mwongozaji akimvuta shati, kutoka kwenye spika ikamjia sauti ya dada yake mwenyewe, laini, ile iliyombembeleza utotoni, ikilia, "Mdogo wangu, usinifute, ni mimi," ilhali dada yake alikuwa amelala sakafuni, kimya, midomo imefumbwa.

Akabonyeza.

Taa zikawaka. Dada akakohoa.

Siku ya onyesho, watazamaji walipiga miayo, wengine wakatoka katikati. "Hata kuku asingeshtuka," mmoja alisema. Mwongozaji alijiinamia kitini.

"Filamu mbaya kweli," dada alimnong'oneza Masikio.

"Sema tena, dada."

"Mbaya!"

Alimwomba arudie, na arudie tena, akiitazama midomo yake.