Barua Iliyoficha Ukame

Generosa alisonga ugali wa uwele mara moja kwa siku, jioni. Asubuhi familia ilikunywa uji mwepesi. Mchana kila mtu alijifanya hana njaa. Ndivyo mwaka 1997 ulivyokuwa katika kijiji chao, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Mvumi. Mvua ilinyesha Desemba, ikawadanganya watu wakapanda, halafu mwezi wa pili ikakata. Karanga zilitoa maua mazuri sana. Chini ya udongo hazikuwa na kitu.

Mume wake, Cornel, zamani alikuwa karani wa chama cha ushirika. Chama kilipokufa na biashara kuachiwa watu binafsi, alirudi nyumbani na Kiingereza chake cha ofisini. Wanakijiji walianzisha kikundi cha wakulima wa karanga, wakamfanya katibu. Wakapata mnunuzi, Mwingereza aitwaye Bwana Hallam, mwenye kiwanda cha siagi ya karanga Nairobi. Bwana Hallam hakujua Kiswahili.

Mapatano yalikuwa rahisi. Kila Novemba Bwana Hallam alileta mbegu na magunia matupu. Kila Julai alileta malori kuchukua mavuno. Miaka miwili mambo yalikwenda vizuri. Hakukuwa na mnunuzi mwingine aliyekubali kuvuka barabara ile mbovu.

Mwezi wa tano walihesabu mavuno. Waliahidi magunia mia mbili. Walipata ishirini na matatu.

Kikao kilifanyika nyumbani kwa mwenyekiti, mzee Filipo. Wote walikubali kwamba Bwana Hallam aambiwe. Namna ya kumwambia ndiyo iliyowashinda.

"Mtu mwenye habari mbaya hafiki akaitupa mlangoni," alisema mzee Filipo. "Anaomba maji kwanza. Anauliza hali ya watoto na ya mifugo. Mwenye nyumba ataona mwenyewe kwamba kuna jambo."

Cornel aliafiki, maana ndivyo alivyolelewa. Hata baba yake Generosa alipofariki mwaka 1995, Cornel ndiye aliyemwandikia Debora, mdogo wake Generosa, aliyekuwa akiishi Nzuguni, pembezoni mwa mji. Aliandika kwamba baba anaumwa kidogo, ukipata nafasi uje. Kwao hakuna aliyeandika neno la kifo kwenye karatasi.

Basi akaandika barua ya ukurasa mmoja na nusu kwa Kiingereza. Alimsalimu Bwana Hallam, mkewe na wafanyakazi wake wote. Alishukuru kwa magunia. Alisema kwamba mvua haikuwa nyingi sana, ila Mungu ni mwema, na mavuno yamepungua kidogo. Mwisho alijiita mtumishi wako mtiifu. Aliwasomea wenzake kwa Kiswahili, nao wakaridhika. Walisema mtu yeyote mwenye akili ataelewa kwamba kuna njaa.

Bwana Hallam alikuwa na akili zake timamu. Aliisoma barua akaelewa kwamba kila kitu kiko sawa.

Julai yakaja malori mawili. Dereva wa kwanza, Msafiri, aliingia ghalani, akatoka, akakaa kwenye kivuli cha lori lake. Baadaye alimwita Cornel.

"Nimevunja springi mbili kuja huku," alisema. "Kwa nini hamkusema?"

"Tulisema," alijibu Cornel, na aliamini hivyo kwa moyo wake wote.

Malori yaliondoka na magunia ishirini na matatu yakirukaruka nyuma.

Agosti ikaja barua kutoka Nairobi. Cornel aliifungua mbele ya kikundi kizima, akaanza kuitafsiri. Bwana Hallam alishukuru kwa jinsi madereva wake walivyopokewa. Watu wakapiga makofi. Alishukuru pia kwa miaka miwili ya kazi nzuri. Wakapiga makofi tena. Kisha Cornel akafika katikati ya barua. Aliikunja. Aliwaambia wenzake kwamba ni barua ya heshima sana, ila kuna maneno machache atakwenda kuyauliza mjini.

Watu walirudi nyumbani wakiwa na furaha. Jioni ile Generosa aliteremsha kibuyu cha mbegu. Ndizo karanga pekee zilizobaki katika nyumba yao.

"Hizi nazikaanga leo," alisema. "Watoto wamechoka na mlenda. Si Bwana Hallam ataleta nyingine?"

Cornel alitaka kusema. Akatazama pembeni. Generosa akakaanga mbegu zote, na watoto wakala wakicheka. Nyumba nyingine nyingi zilifanya hivyo hivyo siku ile. Sijui kama kuna kosa lililowaumiza watu wale kuliko kimya kile cha jioni moja.

Asubuhi Cornel alikwenda Nzuguni. Debora alikuwa katibu muhtasi katika ofisi moja ya mjini, na barua za Kiingereza zilikuwa kazi yake ya kila siku. Alimwamkia shemeji yake shikamoo, akampa kiti, akaichukua barua. Hakuhitaji kuisoma mara mbili.

"Shemeji, amewakatalia," alisema.

"Lakini ameshukuru mara mbili."

"Ameshukuru kweli, na hakudanganya. Sasa sikiliza hapa katikati." Akamsomea polepole kwa Kiswahili: "Malori yetu yalirudi karibu matupu, nasi hatukupata taarifa mapema. Kwa masikitiko ninakujulisha kwamba hatutaleta mbegu msimu huu."

Cornel alikuwa ameyaelewa maneno hayo tangu jana. Alichokuwa amekuja kutafuta ni mtu wa kumwambia kwamba hayana maana hiyo. Aliinamisha kichwa.

Debora hakumwacha hapo. Alimwonyesha barua ile ilivyojengwa, ingawa ilikuwa ndiyo barua iliyowamaliza. Bwana Hallam alianza na jambo zuri, tena la kweli. Kisha alitoa sababu. Kisha alilisema lile baya mara moja, kwa maneno ambayo mtu hawezi kuyaelewa vingine. Hakuwaita waongo wala wazembe. Akamaliza kwa kuwatakia heri.

"Heshima ni kama ngata, shemeji," alisema. "Unaiweka kichwani ili mzigo usimuumize mtu. Lakini mzigo lazima uwepo. Wewe ulimpelekea Bwana Hallam ngata tupu."

"Kwetu ndivyo tunavyosema mambo."

"Najua." Debora aliikunja barua. "Mimi pia uliniandikia baba anaumwa kidogo. Nikamaliza wiki ya kazi. Nikanunua maziwa ya kopo nimpelekee. Nikakuta kaburi, shemeji. Aliye jirani anaona uso wako na anasikia vilio. Aliye mbali ana karatasi tu."

Cornel alitazama sakafu. Kisha akaomba karatasi.

Siku ile waliandika barua kwa mashine ya chapa ya Debora. Cornel aliandika kwanza kwa mkono, na Debora akalifuta neno "kidogo" mara nne. Ilipofika idadi ya magunia Cornel aliandika "machache". Debora aliuliza ni mangapi, akaipiga idadi yenyewe. Barua ilikuwa fupi. Ilishukuru kwa mbegu na kwa uaminifu wa miaka miwili. Ilisema kwamba mvua ilikata Februari, na kwamba kati ya magunia mia mbili walipata ishirini na matatu. Ilikiri kwamba walijua tangu Mei na hawakusema wazi, na kwamba wanaomba radhi kwa safari ya malori. Iliuliza kama kuna mbegu zozote zilizobaki, na kuahidi kwamba tangu sasa watapeleka taarifa kila mwezi, njema au mbaya.

"Hii haitarudisha yaliyoharibika," alisema Debora. "Usije ukamwambia mtu kwamba itarudisha."

Kilichobaki kilikuwa kigumu zaidi, nacho hakikuhitaji Kiingereza. Cornel alirudi kijijini, akawaambia wenzake kwamba barua ilikataa, na kwamba yeye alijua walipokuwa wakipiga makofi. Mzee Filipo aliondoka bila kuaga. Nyumbani, Generosa alikuwa akiosha kikaango.

"Ulijua nilipokuwa nakaanga?" aliuliza.

"Nilijua."

Generosa aliendelea kuosha kikaango kilichokwisha kuwa safi. Hakumsemesha mumewe mpaka mwezi ukaisha.

Jibu lilikuja Oktoba. Safari hii Cornel aliwasomea watu katikati ya barua kwanza. Bwana Hallam alishukuru kwa ukweli wao. Alisikitika kwamba mbegu zilikuwa zimekwisha gawiwa kwa wakulima wengine. Zilibaki magunia sita, naye angezituma.

Zilikuwa mbegu za nyumba sita, na kikundi kilikuwa na nyumba thelathini na nane. Waliandika majina, wakapiga kura ya bahati. Cornel hakutia jina lake. Nyumba nyingi zilifunga milango, watu wakaenda Bahi kutafuta vibarua kwenye mashamba ya mpunga. Wengine hawakurudi.

Kisha, kana kwamba ukame haukutosha, mvua za mwaka ule zikazidi. Januari maji yalisimama shambani, na sehemu ya mabondeni ikaoza. Cornel aliona asubuhi. Kabla ya mchana alikuwa amekwisha kuandika. Alimsalimu Bwana Hallam, akamwambia kwamba mvua imezidi, nusu ya karanga zimeoza, atarajie magunia thelathini na si sitini. 

Julai ikaja pikapu moja kubwa, na dereva alikuwa Msafiri yule yule. Ilibeba magunia thelathini na moja, ikajaa sawasawa. Msafiri alicheka mara moja tu, lakini alicheka. Alikuwa na barua pia. Bwana Hallam alisema kwamba Novemba ataleta mbegu za kila nyumba iliyobaki. Zilikuwa zimebaki nyumba kumi na tisa.

Generosa alijaza kikapu cha karanga alizopewa na jirani. Alimwambia mumewe akipeleke Nzuguni, na aseme anachotakiwa kusema.

Debora alimpokea mlangoni. Cornel aliuliza hali yake, hali ya kazi, hali ya watoto. Kisha akakiweka kikapu chini.

"Debora," alisema, "siku ile nilipokuandikia, baba alikuwa amekwisha kufariki tangu alfajiri. Nilijua. Nisamehe."

Debora alikaa kizingitini akalia, kama mtu aliyepata habari leo. Cornel alivuta kigoda, akakaa naye mpaka alipomaliza.