Gari Lililomuumiza Mama Mkwe

Pyo Chang-rok alikuwa fundi bomba huko Jeongseon, milimani. Aliishi na mke wake, binti yao Sua, na mama mkwe wake, Bibi Bun-rye. Gari lao lilikuwa la viti saba, refu kwenda juu, na lilikuwa limetumika miaka kumi na miwili.

Bibi Bun-rye alikuwa na ufa kwenye mfupa wa mgongo. Kila baada ya wiki mbili Chang-rok alimpeleka hospitali mjini Gangneung. Barabara ilikuwa kona juu ya kona, na kila kona gari lililala upande kama linataka kupinduka. Bibi alishika mpini wa mlango kwa mikono miwili. Kabla ya kufika kileleni, alikuwa ameshatapika kwenye mfuko wa plastiki, mengine yakamwagika.

"Nisamehe, mkwe wangu," alisema. "Nimekuchafulia gari."

Siku moja walisimama mahali pa kupumzikia. Deok-su, fundi bomba mwenzake, alimwona Bibi akishuka, uso umempauka.

"Chang-rok," alisema mbele za watu, "unapeleka mgonjwa hospitali au unachekecha unga?"

Watu walicheka. Chang-rok alitamani ardhi ipasuke immeze.

Usiku huohuo alitazama video za magari. Akaagiza springi fupi, ngumu, za magari ya mashindano.

"Umemuuliza Mi-ran?" mke wake alisema. Mi-ran alikuwa jirani yao, mwenye gereji.

"Mi-ran atanifundisha nini mimi?" alijibu. Akaenda kufungiwa springi zile gereji ya mji mwingine.

Safari iliyofuata, gari lilikata kona wima.

"Umeona, Mama? Halilali tena."

"Naona, mkwe wangu. Umefanya kazi."

Lakini kila tuta, kila kiraka cha lami, gari liliruka. Kwenye kioo Chang-rok alimwona Bibi akiuma mdomo, mkono mmoja nyuma ya kiuno. Alimwona vizuri sana. Akajiambia atazoea, akaendelea kuendesha.

Hospitalini, daktari aliitazama picha ya mgongo kwa muda mrefu.

"Ufa umeongezeka, Bibi. Ulianguka?"

Bibi alijibu, "Ndiyo, daktari. Niliteleza bafuni."

Chang-rok alikuwa amesimama hapohapo, ameshika koti la Bibi. Alijua Bibi hakuteleza popote. Alijua pia anamfichia nani aibu. Akamvisha koti, wakatoka.

Mke wake aliposikia habari ya kuteleza, alinunua mkeka wa mpira, akautandika bafuni. Kila asubuhi Chang-rok alipiga mswaki akiwa amesimama juu ya mkeka ule. Asubuhi ya tatu alishindwa kujitazama kwenye kioo. Akaenda kwa Mi-ran.

Mi-ran alimsikiliza mpaka mwisho. Hakumcheka. Alilipandisha gari juu, akamwita chini yake.

"Shika chuma hiki. Kitikise."

Kilicheza, kikagonga.

"Kinaunganisha gurudumu la kushoto na la kulia," Mi-ran alisema. "Kwenye kona, upande mmoja ukitaka kulala, chenyewe kinaubana. Kwenye tuta, magurudumu yote mawili yanapanda pamoja, kwa hiyo hakisumbui mtu. Sasa angalia bushi zake. Mpira umekwisha. Chuma kipo, lakini hakishiki kitu. Na shokapu zako zinavuja mafuta. Zilitakiwa kutuliza gari likiyumba."

"Kwa hiyo springi zangu za zamani hazikuwa na kosa?"

"Hazikuwa na kosa. Springi ndiyo inayomeza mashimo. Ulipoweka ngumu, mashimo yakamezwa na mgongo wa mama."

Chang-rok aliinamisha kichwa.

"Na yale mabomba unayobeba juu ya paa?" Mi-ran aliendelea. "Mzigo ukikaa juu, gari linalala zaidi. Yashushe."

"Basi nifungie chuma kinene kabisa."

"Bado hujakoma? Kinene kidogo tu, kilichotengenezewa gari hili. Kikizidi, gurudumu moja likiingia shimoni linalivuta na la pili, na mama anarushwa tena. Kwenye barafu nalo gari litateleza." Alifuta mikono. "Gari nitalitengeneza. Ule uongo wa bafuni si kazi ya spana."

Jioni ile, wakati wa chakula, Chang-rok aliweka vijiti chini.

"Mama hakuteleza," alisema. "Aliumizwa na gari langu. Nilimwona akiumia nikaendelea kuendesha."

Mke wake alimtazama, akainuka, akaondoa bakuli la Chang-rok mezani kabla hajamaliza kula. Hakusema naye siku mbili. Bibi ndiye aliyesema: "Kula viazi hivi, mkwe wangu. Vitapoa." Maneno hayo yalimchoma kuliko matusi.

Chang-rok aliyashusha mabomba, na Mi-ran akarudisha springi za zamani. Akabadilisha bushi na shokapu, akafunga chuma kinene kidogo. Akajaza upepo wa matairi kama ilivyoandikwa kwenye mlango wa gari, akanyoosha mwelekeo wa magurudumu. Akamwambia Chang-rok apunguze mwendo kabla ya kuingia kona, si akiwa ndani yake.

Chang-rok alilijaribu gari peke yake kwanza, akiwa na bakuli la maji kwenye kiti cha Bibi. Maji hayakumwagika; ndipo akamchukua Bibi. Kwenye kona gari liliinama kidogo, likasimama imara. Kwenye matuta lilipanda na kushuka taratibu. Bibi hakutapika.

Mbele ya daktari, Chang-rok alizungumza kabla ya kuulizwa. "Andika upya, daktari. Hakuanguka. Nilifunga springi ngumu, nikamrusha njia nzima." Bibi alitazama sakafu, lakini hakumkatiza. Daktari alifuta, akaandika.

Baada ya miezi mitatu ufa ulianza kuunga. Walipotoka hospitali siku hiyo, Bibi hakufunga mkanda haraka.

"Dada yangu anaishi ng'ambo ya mlima," alisema. "Sijamwona miaka minne. Niliogopa kona. Leo unaweza kunipeleka?"

Chang-rok aliwasha gari. Dada mtu aliwapokea mlangoni, akamshika Chang-rok mikono yote miwili, akamwita mkwe wa mfano. Chang-rok alitazama viatu vyake.

"Bado anajifunza," alisema Bibi Bun-rye, akaingia ndani kwa miguu yake mwenyewe.