Soda Ndani ya Klachi

Kila siku kabla ya kwenda shule, Kijiti alifagia maranda katika karakana ya baba yake, seremala. Aliitwa hivyo kwa wembamba wake, na hakuna aliyejisumbua kumtafutia binti huyo jina la heshima zaidi. Wiki hiyo aliongezewa kazi ya kupangusa pikapu ambayo baba yake alikuwa ameinunua kwa mtu, kwa ushauri wa mjomba.

Mjomba hakuwa fundi wa magari. Aliwahi kukaa karibu na mafundi wa magari, jambo ambalo yeye aliliona ni lile lile. Siku ya kununua alilipiga teke tairi, akaisikiliza injini macho yamefumbwa, akatangaza: "Shemeji, chuma hiki! Kichukue kabla hakijachukuliwa." Ndani ya pikapu mlinukia marashi makali. Hakuna aliyejiuliza yalifunika nini.

Jumamosi baba na Kijiti walipakia kabati la mteja wakashika njia ya mlimani. Katikati ya mwinuko injini ilipiga kelele na magurudumu yakakataa kuisikia. Moshi ulipanda miguuni mwao, ukiwa na uvundo wa nywele zilizoungua na kitu kitamu kilichooza. Pikapu ikaanza kurudi nyuma. Baba alivuta breki ya mkono. Kijiti aliruka, akasukumia jiwe nyuma ya tairi, kisha akainama kando ya barabara na kutapika chai yake yote.

Fundi wa gari aliitwa. Alijiingiza uvunguni, akachomoa kifuniko cha mpira karibu na giaboksi. Rojo jeusi likadondoka, zito kama kamasi, limejaa sisimizi waliokufa.

"Nini hicho?" baba aliuliza.

"Soda, mzee." Fundi alijifuta kidole kwa kinyaa. "Pleti ya klachi ndiyo inayopokea nguvu ya injini na kuipeleka kwenye magurudumu. Hii yako imelika. Aliyekuuzia ameimwagia soda ili sukari inate, gari litembee siku chache. Zilimtosha."

Pikapu ilivutwa hadi karakana. Mjomba alipopata habari hakuona haya hata kidogo.

"Basi dawa tumeijua," alisema. "Yule mama muuza mkaa anatafuta gari, na nimeshampigia simu. Kijiti, kimbia dukani ulete soda mbili: moja ya gari, moja yako."

Kijiti alimtazama baba yake. Baba alikuwa akipiga msasa ubao uliokwisha kupigwa msasa. Hakuinua kichwa. Kijiti akaenda, tena mbio.

Aliporudi alifungua yake, akapiga funda moja. Mjomba alikuwa amelala chali chini ya pikapu, akiimimina ile nyingine kwa mpira mwembamba, nusu yake ikimtiririkia kwapani. Rojo lilipodondoka tena, funda lilimgeuka Kijiti mdomoni. Akalitema juu ya maranda.

Jioni muuza mkaa alifika. Mjomba aliiendesha pikapu uani, mbele na nyuma, mahali tambarare kama meza. "Unaona, dada? Hii haitaki hata kubembelezwa!"

Mama yule alimgeukia Kijiti. "Mwanangu, magunia yangu yanapanda mlima ule, na juu yake hukaa kitinda mimba wangu akiyashikilia. Wewe bila shaka umeipanda hii. Mlimani inakwendaje?"

"Mtoto anajua nini habari za magari?" mjomba alidakia.

"Sikumwuliza habari za magari. Nimemwuliza alichokiona."

Kijiti alimsogelea yule mama. "Haipandi, mama. Inarudi nyuma. Klachi imekwisha, na leo imemwagiwa soda. Soda yenyewe nimeinunua mimi."

"Domo kaya!" mjomba alifoka. "Umetuuza!"

"Muuzaji ni wewe, shemeji," baba alisema, akiweka msasa chini. "Na mimi nilikuwa nakushikia mzani." Kisha akamweleza yule mama kila kitu, bila kujitetea.

Muuza mkaa alimshukuru Kijiti. Mjomba alipomnyoshea mkono wa kumuaga, mama yule aliutazama mkono uliokuwa ungali unanata, akaondoka bila kuushika.

Kabati lilifika kwa mteja kwa mkokoteni, baba akivuta na mjomba akisukuma. Giaboksi iliposhushwa, fundi alimpa mjomba brashi na mafuta ya taa, akamwonyesha pa kulala. Mjomba alikwangua sisimizi mmoja baada ya mwingine, huku akidai kwamba hewa ya uvunguni haimkubali.

Pleti mpya ilipofungwa, baba na Kijiti waliupanda mlima bila moshi wala harufu. Kileleni baba alisimamisha gari.

"Aliyetutapeli alikuwa mmoja," alisema. "Tungemuuzia yule mama, tungeongezeka watatu, na mmoja wetu angali anavaa sare za shule. Nilinyamaza nikidhani asiyesema hajadanganya. Hasara ikikufika, itengeneze. Ukimsukumia mwenzako kwa hila, umempelekea maafa. Ulisema kweli, mwanangu, na nakushukuru. Lakini ulikwenda dukani kwanza. Siku nyingine ukitumwa jambo linalokutia kinyaa, kataa kabla hujainua mguu."

"Hata anayenituma akiwa mtu mzima?"

"Hata akiwa mtu mzima."

"Na kama baba yangu yupo, naye amenyamaza?"

"Hapo ndipo ukatae kwa sauti," baba alisema, "ili naye asikie."