Maji ya Kisiwa

Kila asubuhi Wachuka alibeba debe mgongoni, akavuka daraja la mbao na kushuka hadi mtoni. Kijiji chao, karibu na Naro Moru, kilizungukwa na maji pande zote, na watu wakakiita Kisiwa. Maji yalikuwa pale pale mlangoni, lakini nyanya yake, Cucu Wakonyo, hakuyatumia hata kuoshea miguu.

"Maji ni maji, Cucu!" Wachuka alinung'unika.

"Basi yanywe wewe na mbuzi wako."

Nchi ilikuwa imetimiza miaka kumi ya uhuru. Chifu Kihara alitaka kijiji kiitwe Ndungu, jina la marehemu baba yake. Kibao cha jina hilo kilikwisha kupakwa rangi. Wakubwa ndivyo walivyo: barabara haitengenezwi, lakini kibao hakikosi rangi. Sikukuu ya Madaraka, mkuu wa tarafa angekuja kusikia historia ya kijiji, na Wachuka, msomaji hodari wa darasa la sita, ndiye angeisimulia.

Jioni alikariri maneno ya chifu karibu na meko. "Mto ulikuwa ukifurika. Mzee Ndungu akachimba mtaro, akatuokoa."

Cucu aliacha kumenya viazi. "Ati nani alichimba?"

"Mzee Ndungu."

"Ndungu hakushika jembe, alishika kiboko! Mkoloni alitutoa mashambani akatufungia hapa, tusiwapelekee chakula wapiganaji wa msituni. Handaki hili tulichimba sisi wanawake, watoto wakiwa mgongoni. Watiri, dada yangu, alianguka humo akafa. Ndungu, msimamizi wa mkoloni, akasema tuendelee kuchimba. Baadaye mvua ikalijaza."

Wachuka alisogea karibu naye. "Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza lini? Wewe ulilalamikia debe tu."

Usiku huo Wachuka hakupata usingizi. Karatasi ya shamba la Cucu ilikuwa bado inangoja muhuri wa chifu. Akimwudhi, je?

Siku ilipofika, alisimama mbele ya wageni. Akamtazama Cucu, kisha akasema, "Handaki hili lilichimbwa na mama zetu, wakichapwa kiboko. Watiri alifia humo."

"Mtoto amesahau!" chifu alifoka. "Keti chini!"

"Hajasahau," Cucu alisema, akainuka. Bibi mwingine akainuka, na mwingine, hadi benchi la wazee wanawake likabaki tupu.

Mkuu wa tarafa alikohoa. "Chifu, hao wote wamesahau?"

Kihara ndiye aliyeketi. Kibao hakikusimamishwa; kikaishia kuwa mlango wa banda lake la kuku. Na muhuri? Aliupiga wiki iliyofuata, bila kumtazama Cucu usoni. Angemnyima vipi, kijiji kizima kikimwangalia?

Asubuhi baada ya sikukuu, Wachuka alichukua debe bila kutumwa. Aliporudi, Cucu alimsaidia kulitua.

"Zito?"

"Zito, Cucu."

"Ukweli nao ni mzito hivyo hivyo, mjukuu wangu. Ukiutua njiani, nyumba nzima italala na kiu."